Tone la Mchana

Siku Abdiladif alipoanza kukagua meno ya mbuzi kwa kidole badala ya macho, soko zima la Zombe lilijua kabla ya mkewe. Aliyemletea Ismahan habari hizo ni Wavinya, jirani yake wa ukuta mmoja, mama mnene wa kanisa aliyeuza ndengu na mbaazi, na ambaye alikuwa na desturi ya kusema jambo zito kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Mama Nadifa, toka hapa nje kidogo."

"Niko na wateja."

Wavinya alichungulia ndani ya duka. Hapakuwa na mtu ila madera yaliyoning'inia kwenye kamba na kopo la pipi mezani. "Hao wateja ni hewa? Toka."

Ismahan alitoka akifunga mtandio vizuri.

"Ni mzee wako. Nimepita pale kwa mbuzi saa hii. Anaingiza kidole kwa mdomo ya mbuzi anapapasa, kama mtu anatafuta funguo kwa mfuko. Watu wanacheka."

"Nani anacheka?"

"Wote. Musembi peke yake ndio hacheki."

Hapo ndipo moyo wa Ismahan ulipopiga paa. Musembi alikuwa dalali wa mbuzi, rafiki ya mumewe, mtu wa mzaha tangu asubuhi hadi jioni. Alicheka hata mazishini, akikemewa akacheka tena. Kama Musembi hakucheka, basi mambo yalikuwa yameharibika.

Mnunuzi wa mbuzi huishi kwa macho yake. Humshika mnyama taya, akamshusha mdomo wa chini, akatupa jicho mara moja tu, akajua kama huyu bado ana meno ya utoto, ameng'oa mawili, au ni kikongwe aliyenyweshwa maji ya chumvi ili tumbo lijae. Abdiladif alikuwa akiyafanya hayo huku anatembea, simu iko sikioni, na wenye mbuzi walimwogopa. Leo alikuwa anapapasa.

"Si daktari alimpatia dawa ya macho?" Wavinya aliuliza.

"Alimpatia."

"Na anaweka?"

"Anaweka jioni. Tuko kwa mfungo, Wavinya."

"Sasa hata jicho nayo imefunga?"

Wavinya hakuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo lilimchoma Ismahan, akarudi dukani bila kuaga, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Jicho la mumewe lilikuwa limefunga.

Ugonjwa wenyewe uliitwa sakoidosisi. Ulikuja na kikohozi na tezi za shingo kuvimba, na huku kwetu mtu akikohoa kwa muda hushukiwa kifua kikuu kabla hajaketi. Abdiladif alipewa dawa za kifua kikuu, akazimeza, na kwenye hoteli ya chai wakamtengea kikombe chake kilichotiwa alama ya rangi ya kucha. Makohozi yakapimwa tena na tena, hayakuonyesha kitu. Mwishowe huko Nairobi wakamkata kipande cha tezi, wakakitazama kwa darubini, wakatoa lile jina. Musembi alipolisikia aliuliza kama hiyo ni ugonjwa ama ni dawa ya kuua kupe. Kikombe chenye alama hakikuondolewa.

Kisha ugonjwa ukapanda machoni. Yakawa mekundu, mwanga ukawa unamkera, akawa anaona vitu vyeusi vinaelea hewani akivifukuza kama nzi. Daktari Mbinya wa kliniki ya macho ya Makindu alimpa vidonge na chupa mbili. Ya kifuniko cha waridi aweke mchana kutwa kila baada ya saa mbili bila kuruka, na ya kifuniko chekundu asubuhi na jioni, ili mboni ibaki wazi. Macho yakaanza kupoa. Lakini vile vidonge vilimjaza mashavu, akawa na uso wa mtu aliyetoka harusini, na Ramadhani ilipoingia, wanaume wa msikiti mdogo wa mabati wakaanza kumtania. Abdiladif, unafunga kwa mdomo gani? Sisi tunakonda, wewe unanawiri.

Walikuwa wanatania tu. Yeye alikuwa anasikia aibu mpaka kwenye mifupa.

Asubuhi ya kwanza ya mfungo aliweka dawa baada ya sala ya alfajiri, na baada ya kitambo kidogo akausikia uchungu wake ukiteremka kooni. Alikimbilia nje akatema, akasukutua, akatema tena. Tangu hapo hakuweka tone la mchana. Ismahan alijua, na hakusema kitu. Tena si kunyamaza tu. Alimwonea fahari, mume ambaye hata akiumwa hachezi na mfungo wake.

*

Jioni ile Abdiladif alifungua kwa tende na maji, akasali, kisha akaketi kwenye godoro la sebuleni na kuinua uso. Alianza kudondosha dawa. Tone, tone, tone lingine, kama mtu anayelipa kwa pupa alichokopa mchana. Dawa ilifurika ikateremka mashavuni, ikaingia ndevuni.

"Wavinya alikuja kwako," alisema bila kufumbua macho. "Musembi ameniambia."

"Alikuja."

"Basi umesikia."

"Nimesikia unapapasa."

Binti yao Nadifa, wa miaka saba, alikuwa jikoni akiimba wimbo wa shule huku anakula sambusa.

"Leo nimenunua mbuzi mzee," Abdiladif alisema. "Nikamlipia kama wa meno mawili. Mwenyewe alikuwa anaondoka na pesa. Musembi akamrudisha, akasema mbele ya watu eti mimi nilikuwa namjaribu kama ni mwaminifu. Alinisitiri. Wallahi ningetamani ardhi inimeze."

"Weka dawa mchana, baba Nadifa."

"Nionje dawa kwa koo, halafu niseme nimefunga?"

"Wewe ni mgonjwa. Mgonjwa amepewa ruhusa."

"Mgonjwa ni mtu amelala. Mimi naenda soko. Watu wananiona natembea, nanenepa, halafu wanione nakunywa dawa kwa macho saa saba mchana? Nitawaambia ni nini? Sako... sako gani?" Alishindwa kulimalizia jina, akacheka kicheko kikavu. "Hata kuitaja siwezi."

Ismahan alitaka kusema zaidi, akaona aibu. Mfungo ni wa mtu na Mola wake. Nani amempa mke kazi ya kumfungulia mumewe?

Lakini asubuhi, mumewe alipotoka kwenda kunawa uso na jua likampiga, alimshika kidevu na kumtazama. Mboni ya jicho la kulia haikuwa duara. Ilikuwa imevutwa upande, ina pembe, imekaa kama mwanya. Ismahan aliwahi kuona mboni ya namna hiyo mara nyingi, lakini kwa mbuzi, si kwa mtu.

"Nini?" Abdiladif aliuliza.

"Hakuna," alisema, akamwachia kidevu.

*

Alimpigia simu kaka yake Ridwan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud. Ridwan alikuwa amesoma dini Garissa miaka mingi kabla ya kuanza kuuza misumari, na Abdiladif alimheshimu. Ismahan aliweka simu kwenye spika, mumewe akiwa ameketi pembeni, kofia imeshushwa kukinga mwanga.

"Shemeji," Ridwan alisema, "wanazuoni wengi wamesema dawa ya jicho haifunguzi. Jicho si njia ya chakula. Weka, na mfungo wako ni mzima."

"Ridwan, hao wanazuoni waliweka hii ya kifuniko chekundu?"

"Unasemaje?"

"Mimi naonja. Nikimeza mate nameza dawa. Wewe unanisomea kitabu, mimi koo yangu inaniambia kitu ingine. Nitamdanganya nani?"

Kwenye simu ilisikika mashine ikikata chuma, kisha ikazimwa. "Basi ikiwa roho yako haitulii, kula. Utalipa hizo siku baadaye."

"Baadaye lini? Daktari alisema hii kitu inaweza kaa na mimi miaka."

"Kama haiponi, unalisha maskini kwa kila siku."

"Mimi? Na miaka arobaini na moja? Nikae nje ya msikiti na wazee hawana meno, nilishe maskini kwa sababu nimeshindwa kufunga?" Aliivuta kofia chini zaidi. "Asante shemeji. Salimia watoto."

Akainuka, akajigonga kwenye pipa la maji lililokuwa mahali pake pa siku zote, akatoka. Ismahan alibaki na simu mkononi. Alimkasirikia mumewe, na wakati uleule alimwelewa kabisa, na hilo la pili ndilo lililomuumiza zaidi. Mtu mkaidi unaweza kumpigia kelele. Mtu anayeogopa kumdanganya Mungu utampigia kelele gani?

*

Siku mbili baadaye Abdiladif hakwenda sokoni. Alisema mbuzi ni wachache, uongo ambao hata paka angeutambua. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka, jua la alasiri likiifanya barabara yote nyeupe.

Nadifa alikuwa anatoka shule. Alikuja akiruka mawe, sketi ya kijani, hijabu nyeupe imepinda, ulimi unasukuma jino la mbele la chini lililokuwa linacheza tangu juzi. Alisimama mbele ya baba yake akasubiri.

Abdiladif aliinua uso. Alitabasamu, lile tabasamu la dukani.

"Karibu, mtoto. Umetumwa nini?"

Nadifa alicheka, hakujibu.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Abdiladif!" alisema mtoto kwa kelele, akidhani ni mchezo, akamrukia mapajani.

Baba naye alicheka. Lakini alichelewa kucheka, na Ismahan, aliyekuwa nyuma ya meza na futi mkononi, alikuona kule kuchelewa. Kulimkata maini. Mtoto akaingia ndani kutafuta maji.

"Nimemjua kwa sauti," Abdiladif alisema. "Kama hangeongea ningemuuzia pipi."

Ismahan aliweka futi chini.

"Mwambie Musembi alete gari," Abdiladif alisema.

*

Gari la Musembi lilikuwa pikapu ya kubebea mbuzi, na hata likioshwa vipi lilibaki na harufu ya wenyewe. Walitoka Zombe alfajiri, wakapita Kitui mjini, wakashika barabara ya Kibwezi. Musembi alijitahidi kuzungumza juu ya mvua, juu ya bei za soko la mbuzi la Kiamaiko, juu ya shemeji yake aliyenunua ng'ombe kipofu kwa simu; alipofika hapo kwenye kipofu alinyamaza ghafla, akakazana na usukani hadi Makindu.

Kwenye foleni ya kliniki karani aliita majina. Abdiladif aliinuka akaelekea alikosikia sauti, akasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa anasubiri kama yeye, akampa kadi. "Mimi si karani, baba," yule mama alisema kwa upole. Upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha sokoni. Ismahan alimshika mkono wa kanzu, akamgeuza.

Daktari Mbinya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimwekea Abdiladif kidevu kwenye mashine, akamulika jicho la kushoto, kisha la kulia. Kwenye la kulia alikaa sana. Akarudi la kushoto, akarudi tena la kulia. Alipozima taa alikaa na kalamu mkononi bila kuandika.

"Mzee, dawa uliacha lini?"

Ismahan alifungua mdomo. Mumewe aliinua mkono kumzuia.

"Sikuacha. Naweka jioni. Nikifungua."

"Jioni peke yake?"

"Nafidia. Naweka nyingi."

"Asi!" Daktari aliweka kalamu mezani kwa kishindo. "Mzee, jicho haibebi tone mbili. Ukiweka kumi, moja inabaki, tisa zinaosha ndevu. Na mchana yote huku ndani moto unawaka."

Pengine daktari aliona jinsi Abdiladif alivyoinamisha kichwa, kwa maana alipoendelea alikuwa ameshusha sauti.

"Ngoja nikuambie tena, labda mara ya kwanza niliongea haraka. Mwili iko na askari wake. Ikiingia ugonjwa, wanakusanyika wanapigana, wakimaliza wanarudi kambi. Wewe askari wako walikusanyika na hakuna mwizi tumeona. Hatujui nani aliwaita. Na hawarudi. Wanashikana vinundu vinundu, kwa mapafu, kwa tezi, kwa jicho, na pale wamekaa wanaharibu. Dawa ni ya kuwatuliza. Ukiiacha, wanaamka. Na hizi tembe usiziache ghafla, na ukipata homa usingoje, kwa sababu tukituliza askari hata mwizi wa kweli anaweza pita."

"Na jicho?" Ismahan aliuliza.

"Ya kulia, mboni imeshikana na lenzi pale nyuma, vile ugali inashika sufuria. Presha imepanda, na lenzi imeanza kuwa na ukungu. Nitajaribu. Lakini sitakudanganya, mama. Ile ya kulia tumechelewa."

Abdiladif hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, viganja vimegeuka juu, kama mtu anayeomba dua lakini amesahau maneno.

"Na ya kushoto?" Hilo ndilo swali pekee ambalo Ismahan alikuwa amelibeba kutoka Zombe.

"Ya kushoto bado iko. Lakini sasa inataka kila saa. Mchana. Ukifanya vile ulifanya na hii, Idd itakukuta huoni."

"Daktari," Abdiladif alisema polepole, "mimi si mjinga. Niliambiwa na mtu wa dini dawa ya jicho haina shida. Lakini mimi naionja. Inashuka hapa." Aligusa koo. "Nikiionja siwezi kusema nimefunga. Siwezi."

Daktari Mbinya alifungua faili lake.

"Ulikuwa hapa wiki moja kabla ya Ramadhani. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Kweli," daktari alisema. "Sikuuliza. Nilifaa kuuliza." Akavuta kiti karibu. "Leta mkono. Gusa hapa, kona ya jicho, karibu na pua. Kuna tundu ndogo. Machozi yote inapita hapo kwenda puani, halafu kooni. Ndio maana mtu akilia anapenga kamasi. Na dawa pia inapita hapo. Sasa ukiweka tone moja tu, ufunge jicho, mtu akubonyezee hapo kwa dakika mbili au tatu, mlango umefungwa. Dawa inabaki kwa jicho mahali naitaka, na wewe huonji."

"Hata ile chungu?"

"Hata ile. Mambo ya mfungo wenu mimi siyajui, mimi ni mtu wa kanisa. Hii ya tundu naijua. Ujaribu. Ukionja, upige simu unitukane."

*

Musembi aliwapeleka kwenye hekalu la Makalasinga, Wahindi wa vilemba, kando ya barabara kuu, mahali ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa ametoka wapi. Alikuwa anazipenda chapati za pale, na aliingia kula akiwa na kitambaa cha kichwa alichopewa mlangoni, kilichomfanya afanane na bibi harusi. Ismahan na mumewe walibaki nje kwenye benchi, kivulini. Bado saa nyingi kabla ya magharibi.

Ismahan alitoa mkobani chupa ya kifuniko chekundu, ile chungu.

"Sasa?" Abdiladif aliuliza.

"Sasa."

"Kuna watu."

"Wako." Akazungusha kifuniko. "Sikiza, baba Nadifa. Mimi nilijua umeacha. Niliona jicho limepinda, nikasema hakuna kitu. Nilidhani nikinyamaza nakusaidia kwa Mungu. Hilo jicho limeenda na mimi nikiangalia. Hili lingine sitanyamaza. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiniona."

Abdiladif aligeukia barabarani kwenye ngurumo ya malori. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa kiu.

"Niliogopa," alisema. "Watu kwanza. Halafu Mungu. Nilisema ni Mungu, lakini watu ndio walikuwa wa kwanza."

Akainua uso.

Ismahan alivuta kope ya chini ya jicho la kushoto, akadondosha tone moja. Jicho likafumbwa. Aliweka ncha ya kidole kwenye kona, karibu na pua, akabonyeza. Chini ya kidole chake alisikia mshipa ukipiga. Mzee mmoja wa kilemba alipita na ndoo ya vikombe, akawatazama, akaendelea na kazi yake.

"Unaonja?"

Abdiladif alimeza mate. Akasubiri. Akameza tena, polepole, kama mtu anayetega sikio.

"Bado."

Walikaa hivyo, mwanamume ameinua uso na mwanamke amemshika jicho, mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani.

"Sionji," alisema. "Ismahan, sionji kitu."

Hapo alianza kulia. Na kwa kuwa mkewe hakuondoa kidole, machozi hayakupata njia yao ya kawaida. Yalimwagika yote nje, yakateremka hadi kwenye kanzu.

*

Jicho la kulia halikurudi. Lilibaki na ukungu kama kioo cha bafu, likionyesha mchana na usiku na si zaidi. La kushoto lilipoa kidogo kidogo. Asubuhi nyingine lilikuwa zuri, nyingine lilikuwa jekundu tena na roho za watu nyumbani zikaruka. Daktari alisema kwenye simu kwamba safari bado ni ndefu, na kwamba hawezi kuahidi kitu.

Mkesha wa Idd soko la Zombe lilifurika. Abdiladif aliketi mlangoni mwa duka, na kila simu ilipolia kuashiria saa ya dawa, Ismahan alitoka na chupa. Mara ya kwanza kufanya hivyo mbele ya watu tone liliangukia pua. Sasa hakukosea tena, ingawa macho ya watu aliyasikia mgongoni.

Dirie, muuza ngamia, mmoja wa wale watani wa msikitini, alisimama akatazama. "Abdiladif! Siku hizi unafungulia kwa macho?"

Zamani Abdiladif angeingia ndani.

"Ni sakoidosisi," alisema, neno zima, bila kukwama. "Askari wa mwili wangu wamenigeuka. Jicho la kulia wamelichukua. Hili moja nalilinda. Mfungo uko salama, muulize Ridwan. Na kama unatilia shaka, Dirie, kaa hapa mama Nadifa akuwekee na wewe."

Dirie hakutarajia kusikia hayo. Alisimama akishikashika fimbo yake. "Limekwenda kabisa?" aliuliza kwa sauti nyingine.

"Limekwenda."

"Mungu akuhifadhie hilo." Akaondoka, na baada ya hatua chache akarudi, akaweka mkono begani mwa Abdiladif, akaondoka tena. Wavinya aliyeona yote hayo kutoka kwenye magunia yake ya ndengu alisema kwa sauti kwamba huyo mtu wa ngamia amepata dawa yake bila chupa.

Musembi naye alifika akimvuta mbuzi wa Idd kwa kamba, nyuma yake Nadifa akitoka shule. Mtoto alisimama hatua chache kabla ya kumfikia baba yake.

"Ni mimi, Aabo," alisema. "Nadifa wa Abdiladif."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema tangu walipotoka Makindu, kila mahali, hata ndani ya nyumba, hata akiamka kwenda chooni. Hakuna aliyemfundisha. Ismahan kila aliposikia alitamani kumwambia aache, na hakujua amwambieje.

"Nyamaza kwanza," Abdiladif alisema. "Simama hapo hapo. Usiseme kitu."

Mtoto akasimama. Baba aligeuza kichwa polepole, akampa jicho la kushoto, kama mtu anayetafuta mahali pa kuingilia. Musembi aliacha kumvuta mbuzi. Ismahan alisimama na chupa mkononi.

"Hijabu yako imepinda," Abdiladif alisema. "Kama kawaida. Fungua mdomo."

Nadifa akafungua.

"Jino limetoka. La chini, la mbele."

"Leo shule!" mtoto alipiga kelele. "Sijaambia mtu!"

Ni kweli, hata mama yake alikuwa hajui. Ismahan aliegemea mwimo wa mlango.

Abdiladif alimshika bintiye kidevu, akamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akatazama sana, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mbuzi yeyote wa Zombe.

"Huyu bado mdogo," alimwambia Musembi. "Hauzwi."

Musembi alicheka. Alicheka mpaka akaachia kamba, na mbuzi wa Idd akakimbilia kwenye magunia ya Wavinya, Wavinya akapiga yowe na kutafuta ufagio. Ismahan hakuwatazama. Alitikisa chupa, akapangusa kidole chake kwenye mtandio, akamwendea mumewe.

"Inua uso," alimwambia.